Natolewa matiti yote mawili kabla kansa haijaja. Niweke silikoni, nyama ya tumbo, au nibaki kifua bapa?

BintiKibirizi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Na wale wa "weka picha" nao wapite tu.

Mama yetu alifariki Kasulu akiwa na miaka 46, kansa ya titi. Dada yangu mkubwa ikampata akiwa na miaka 39. Yeye alitibiwa nje, na huko ndiko walikompima jeni, ikaonekana ana hitilafu kwenye jeni inayoitwa BRCA1, hitilafu inayoongeza sana hatari ya kansa ya titi. Mzazi mwenye hitilafu hiyo, awe baba au mama, kila mtoto anayemzaa ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Nami nikatoa damu, sampuli ikasafirishwa, majibu yakaja: ninayo. Nina miaka 34, watoto watatu, wa mwisho ameshaacha kunyonya. Kansa sina. Nalisema hili wazi kwa sababu hata ukoo wetu nusu wanaamini ninaumwa na ninawaficha.

Kutoa matiti nimeshaamua, sikulileta hapa tuanze upya (ingawa najua wapo watakaoanza upya). Ninachotaka tujadili ni kinachofuata: yakishatoka, kifua kibaki vipi? Daktari aliniambia nije na jibu, maana mengine lazima yapangwe kabla sijapanda kitandani. Akishakata ngozi na chuchu, hazirudi.

Kwa nilivyoelezwa na nilivyosoma, njia ziko hivi.

Ya kwanza ni silikoni. Wanatoa nyama ya titi, wanaacha ngozi, wanaweka mfuko wa silikoni juu au chini ya msuli wa kifua. Ngozi ikiwa haitoshi wanaanza na mfuko mtupu ambao wanaujaza maji kidogo kidogo kwa sindano kila baada ya wiki moja au mbili mpaka ngozi itanuke, halafu unarudi tena kuwekewa ule wenyewe. Angelina Jolie ndiyo aliyofanya mwaka 2013: oparesheni kubwa kwanza, silikoni wiki 9 baadaye. Watu wengi walilijua jambo hili kupitia kwake na wakabaki na picha kwamba unaingia, unatoka, yamekwisha.

Hayajaisha. Mfuko wa silikoni si wa maisha. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri upimwe kwa MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) au ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekewa, kisha kila miaka 2 au 3, kwa sababu mfuko unaweza kupasuka usihisi chochote. Mwili nao hujenga kovu kuuzunguka, na kovu hilo likikaza titi linakuwa gumu na linauma. Mwaka 2019 kampuni moja kubwa iliondoa sokoni mifuko yake yenye ganda la kukwaruza baada ya kuhusishwa na aina adimu ya kansa ya tezi za kinga. Ni adimu, sitaki kumtisha mtu, ila mimi nakimbia kansa halafu nisikie hilo!

Silikoni nimeishuhudia kwa dada. Zake ziliwekwa chini ya msuli. Akiwa amekaa na blauzi yake, huwezi kujua kitu. Sasa ngoja asonge ugali. Mkono ukikaza kwenye mwiko, matiti yanaruka juu na kwenda pembeni, yote mawili, kila anapogeuza. Watoto walicheka siku ya kwanza, naye akacheka nao. Upande uliopigwa mionzi umekuwa mgumu na umepanda juu kuliko mwenzake. Mimi sitapigwa mionzi, hivyo hilo la mwisho si langu. La mwiko ni langu kabisa, labda waweke juu ya msuli, na hapo inataka ngozi iliyobaki iwe nene na yenye damu ya kutosha.

Ya pili ni nyama yako mwenyewe. Wanachukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu pamoja na mishipa yake midogo, wanakwenda kuiunganisha na mishipa ya kifuani kwa kutumia hadubini. Titi linakuwa la nyama hai: linapata joto la mwili, unanenepa linanenepa. Halina mfuko wa kubadilisha. Ni oparesheni ya saa nyingi, 8, hata 12 kwa pande mbili, na siku za mwanzo wanakuja kila saa kuangalia kama damu inapita, kwa sababu mshipa ukiziba wanakurudisha mezani haraka au nyama inakufa. Tumbo linatumika mara moja tu. Na kuna aina ya zamani inayochukua pia msuli wa tumbo. Hiyo nimeikataa kabla sijamaliza kusoma. Mimi nauza dagaa Kibirizi, nanyanyua magunia. Msuli wa tumbo ukipungua, ngiri inakusubiri mlangoni. Ya mgongoni nayo inachukua msuli unaovutia mkono chini na nyuma, mara nyingi pamoja na silikoni juu yake, yaani unakatwa mgongo na mfuko bado unao.

Ya tatu ni kubaki bapa. Wanatoa, wanakaza ngozi vizuri, wanashona, unarudi nyumbani na mistari miwili. Ukitaka unavaa matiti ya bandia ndani ya sidiria, usipotaka huvai.

Sasa maoni yangu, mniambie nakosea wapi. Kila anayenishauri anaanza na muonekano: nitaonekanaje, mume ataonaje, kwenye gauni la harusi itakuwaje. Mimi nataka tuanze na umbali. Reli kutoka hapa Kigoma mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Kidonda kikianza kuwa chekundu usiku wa manane, nitakimbilia hospitali ya Maweni hapa hapa, na watanipokea, lakini aliyeniweka mfuko atakuwa Dar. Kuna utafiti uliochapishwa 2018 uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,000 katika vituo 11 vya Marekani na Kanada: ndani ya miaka 2, karibu mmoja kati ya kila watatu alipata tatizo fulani, na karibu mmoja kati ya kila watano alirudishwa chumba cha upasuaji. Na hao wanaishi karibu na hospitali zenye kila kitu. Mimi kurudi chumba cha upasuaji maana yake ni nauli, pa kulala, mtu wa kunisindikiza, na watoto kumwachia mama mkwe.

Kwa hiyo naelemea kwenye bapa. Mume ameniambia "mwili ni wako, mimi nakutaka uwe hai", lakini juzi nimemkuta anaangalia picha za silikoni kwenye simu yake. Sijamuuliza.

Leteni maoni.

Mzee wa Mwanga

Binti, pole. Mimi ni wale uliosema wataanza upya. Mtu mzima, mzima kabisa, anakatwa kiungo kwa ajili ya kitu ambacho hakijaja? Si afadhali upime kila mwaka, kikija ukishike mapema?

BintiKibirizi

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la haki. Mwanamke mwenye BRCA1, kwa utafiti mkubwa wa 2017, ana uwezekano wa takribani asilimia 72 kupata kansa ya titi akifika miaka 80. Oparesheni hii inaupunguza kwa asilimia 90 au zaidi, haufiki sifuri kwa sababu chembe kidogo za titi hubaki. Kupima kila mwaka ni njia halali, wapo wanaoichagua, ila kwa jeni hii si mamogramu (eksirei ya titi) peke yake, ni pamoja na MRI, na kupima hakuzuii kansa, kunaiona tu. Kwa wenye BRCA1 mara nyingi inakuja ile aina kali isiyosikia dawa za homoni. Dada yangu alikuwa anajipapasa kila mwezi. Nimemuona akipitia kemo. Sitaki kuishika mapema, sitaki ije.

Na kabla hujauliza: mifuko ya mayai (ovari) nayo ina hatari yake ya kansa, asilimia 44 kwa jeni hii. Hiyo ushauri ni kutolewa kati ya miaka 35 na 40. Hiyo ni mada ya siku nyingine, moja moja jamani.

Mzee wa Mwanga

Marahaba. Nimekuelewa. Nabaki kusoma.

Chumvi ya Uvinza

Kuna mzee Mwandiga ana mizizi, watu wanatoka hadi Bujumbura kumfuata. Jaribu kwanza kabla ya kisu.

BintiKibirizi

Asante. Mama alipitia huko, mpaka titi likafunguka. Tuendelee.

Nesi wa Zamani

Mwanangu, nimefanya wodi ya upasuaji miaka mingi, nikazeekea humo. Nikuongezee yale ambayo madaktari huyasema haraka haraka.

Mirija. Utaondoka chumba cha upasuaji na mirija ya plastiki inayotoa maji ya damu, kila upande wake, na vichupa vyake. Utakaa nayo wiki moja hadi tatu, iwe bapa, iwe silikoni. Lazima mtu amwage, apime, aandike. Usikubali kupanda basi la Kigoma ukiwa nayo kama una pa kulala karibu na hospitali. Wakishaitoa, ndipo uwaze safari.

La pili ni kukanda, na hili nalisema kwa sauti. Kifua baada ya oparesheni hii kinakufa ganzi, hisia nyingi hazirudi, hata ukiachiwa chuchu yako mwenyewe. Nasi huku tukitoka hospitali tu, mama mkwe ameshainjika sufuria na taulo. Kwa mtu asiyesikia moto, maji ya kukanda yanachubua ngozi na yeye anasema "naona vizuri, endelea". Silikoni chini ya ngozi nyembamba iliyoungua, ujue mfuko unakwenda kutolewa. Hata ukiwa bapa, hapana. Mwambie mama mkwe mapema, kwa heshima, na ikibidi nesi wa hapo amwambie. Na jikoni uwe makini na mvuke na jiko la mkaa.

La tatu, keloidi. Angalia makovu yako ya zamani, matundu ya masikio, chanjo ya begani. Kama yanavimba na kukua, mwambie daktari kabla. Anaweza kupanga mshono ukae wapi na dawa ya kovu ianze lini.

Kunyanyua magunia sahau kwa wiki sita hivi, ya tumbo zaidi. Lakini mabega uyafanyie mazoezi kuanzia siku watakayokuruhusu, la sivyo mkono hautafika juu ya kichwa.

BintiKibirizi

Mama, hili la kukanda hakuna aliyenitajia. Mama mkwe wangu anakanda mpaka mtoto mwenye mafua. Nitampa simu asome hapa.

Gombe Kwetu

Dada, mimi ni mzaliwa wa Ujiji, naishi Uingereza, nilifanyiwa hii hii, sababu kama yako, ila jeni yangu ni BRCA2, ndugu ya hiyo BRCA1. Niliweka nyama ya tumbo. Naomba nikupinge kidogo.

Unasema uanze na umbali. Sawa. Lakini silikoni ndiyo yenye tatizo la umbali miaka yote. Nyama ya tumbo mlima wake uko mwanzoni: mwezi wa kwanza nilitembea nimeinama, kovu langu linatoka nyonga hadi nyonga. Baada ya hapo sijarudi kwa sababu ya matiti. Hakuna MRI ya kuangalia mfuko. Kwa mtu wa Kigoma, ukifanikiwa kuvuka wiki za kwanza ukiwa Dar, hii ndiyo isiyokudai. Umeitupa kwa kuiogopa ile ya msuli, na ya sasa msuli wanauacha.

Pili, ukibaki bapa ujue unachokiacha. Tumbo lako linabaki palepale, unaweza kurudi hata baada ya miaka ukajengewa. Hilo ni zuri. Lakini ngozi ya titi na chuchu zako mwenyewe hazitakuwepo, watatumia ngozi ya tumbo na chuchu ya kuchora kwa tatoo. Matokeo hayafanani. Mimi nilibakiziwa ngozi na chuchu, na nikijiangalia kwenye kioo najiona mimi. Sioni aibu kulisema. Muonekano si upuuzi, dada.

BintiKibirizi

Gombe Kwetu, asante, na sijasema ni upuuzi, ingawa nikirudia kusoma nilivyoandika naona ulivyolisikia. Ya tumbo isiyochukua msuli sijaitupa. Swali ni nani anaifanya. Kuunganisha mishipa kwa hadubini kunataka timu: daktari aliyezifanya nyingi, chumba cha kumwangalia mtu kila saa, na watu wa kumrudisha mezani usiku uleule. Madaktari wa upasuaji rekebishi nchini wapo, ila ni wachache. Kwa hiyo swali nililoandika kwenye daftari ni: wewe mwenyewe umefanya ngapi za aina hii, na ngapi zilikufa? Nikijibiwa kwa namba nitafikiri. Nikijibiwa "usiwe na wasiwasi mama" najua la kufanya.

Chuchu zangu zimeshanyonywa na watoto watatu, zinaangalia chini. Daktari aliniambia kwa titi kubwa lililolala, kuacha chuchu ni kubahatisha, damu haifiki vizuri na inaweza kukauka. Kwa hiyo hilo la kioo kwangu huenda halipo hata nikilitaka.

Gombe Kwetu

Hapo nimekuelewa. Basi uliza na hii: kwa wenye titi kubwa, ipo namna ya kutumia ngozi na mafuta yanayobaki chini, wanayakunja yanakuwa kamlima kadogo. Hakuna mfuko, hakuna tumbo kuguswa, muda si mrefu. Si titi kamili lakini si bapa.

Na ukiamua bapa, sema kwa maneno na iandikwe kwenye fomu ya ridhaa: bapa, ngozi ikazwe, nisiachiwe ngozi ya akiba. Huku kuna wanawake walioamka na ngozi inaning'inia kwa sababu daktari aliwaza watabadili mawazo. Pia mwambie amalizie vizuri chini ya makwapa. Pale ndipo panabaki vinyama vinavyosuguana na mkono, na wewe ni mtu wa kubeba.

BintiKibirizi

Hii ya kukunja ngozi sikuisikia kabisa! Imeingia kwenye daftari, juu kabisa.

Mama wa Katubuka

Mimi nilitolewa moja tu, kwa kansa, mwaka wa nne sasa, sina cha kupandikiza. Niseme la kila siku. Usinunue matiti ya bandia haraka. Miezi ya mwanzo kidonda hakitaki uzito, weka pamba au kitambaa laini. Baadaye nilimpelekea fundi cherehani sidiria yangu, akashona mfuko wa kitambaa cha pamba kwa ndani, na nikajaza kifuko kwa ulezi mkavu. Uzito ni muhimu, pamba tupu inafanya sidiria ipande hadi shingoni. Wewe utatolewa yote mawili, utachagua ukubwa unaotaka, hakuna wa kulinganisha naye. Ulezi ubadilishe, usiloweshe, jasho la Kigoma unalijua. Na kwenye boti usiviweke, nilisafiri kwa boti mvua ikatunyeshea, nikafika ulezi umevimba, upande mmoja namba 34 mwingine 40.

Nesi wa Zamani

😂😂 Mama wa Katubuka umeniua.

Mzee wa Mwanga

Niulize la kiume. Hilo la mume kuangalia picha. Mwambie aje kliniki na wewe. Mimi nilimwachia mke wangu maamuzi yake yote ya hospitali nikidhani ndiyo heshima, yeye akaona sijali. Anaangalia picha kwa sababu anaogopa kukuuliza.

BintiKibirizi

Mzee, leo jioni nimemuuliza. Kumbe alikuwa anatafuta kama silikoni inapasuka mtu akilalia tumbo, kwa sababu anajua mimi nalalia tumbo. Atakuja kliniki.

Msimamo wangu kwa sasa: silikoni imetoka. Nitauliza kamlima ka ngozi yangu mwenyewe kwanza, nikiambiwa haiwezekani nabaki bapa, na tumbo nalitunza lisiguswe kwa kitu kingine chochote. Fomu nitaisoma mstari kwa mstari kabla ya sahihi.

Msomaji Kimya wa Ujiji

Samahani nachelewa. Kwetu shangazi wawili upande wa baba wamepata kansa ya titi, mmoja yupo hai, mwingine marehemu. Mimi nina miaka 27. Nipime hii jeni?

BintiKibirizi

Upande wa baba unahesabika sawasawa, usikubali mtu akwambie ni ya akina mama tu. Ila usianze wewe. Aanze shangazi aliye hai, kwa sababu yeye ndiye aliyeugua. Akikutwa na hitilafu, wataitafuta hiyohiyo kwa baba yako na kwako, na jibu lako litakuwa la uhakika: unayo au huna. Ukianza wewe ukakutwa huna, hutajua kama umesalimika au kama ya kwenu ni nyingine ambayo hawakuiona. Shangazi yuko wapi?

Msomaji Kimya wa Ujiji

Yuko Kibondo. Ni mgumu kidogo wa hospitali.

BintiKibirizi

Njoo PM, nikupe namna dada yangu alivyoongea na mama mdogo wetu. Naye alikuwa mgumu.